"Yuko Poa, Ameamka": Kauli Inayowaponza Madogo wa Upareni

Leo ubuyu ukae pembeni kidogo, wadau.

Pale Same mjini kuna dada mmoja msusi, maarufu kwa kucheka na maneno mengi. Wateja wake wengi hawajui kwamba anaishi na mdogo wake wa kiume, miaka 17, na kwamba dogo huyo siyo yule wa zamani.

Miaka miwili iliyopita dogo alikuwa anashuka kutoka milimani kwa bodaboda. Ilikuwa mishkaki, watu watatu kwenye pikipiki moja. Helmeti ilikuwepo, ila imening'inizwa kwenye kioo. Wakafika kwenye kona yenye changarawe, pikipiki ikateleza, wote chini. Dogo akazima kama dakika mbili, akaamka, akajipangusa vumbi, akacheka. Mtu akarekodi. Klipu ikazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp: "Kichwa cha chuma hicho!" Nyumbani akapewa panado mbili, akaenda kulala.

Saa nne usiku akaanza kutapika. Dada akimwita, anaitika nusu nusu. Saa sita hakuitika kabisa.

Madaktari wanaijua sana hali hii. Kichwa kikigongwa, hasa ubavuni, fuvu linaweza kupasuka na kukata mshipa wa damu. Damu inavuja taratibu kati ya fuvu na utando unaofunika ubongo. Muda huo mgonjwa anaweza kuongea vizuri tu, anataja namba yake ya simu, hata chai anaomba. Lakini fuvu halitanuki. Damu ikikosa pa kwenda inaukandamiza ubongo, na hapo ni mbio za saa chache. Dogo alikimbizwa Moshi, kilometa kama 100 kutoka Same, akapasuliwa usiku huohuo. Akapona. Wa kijiji cha juu milimani anaanza na barabara ya vumbi na kona kabla hata hajaiona lami.

Na wala siyo kwamba dogo alikuwa na bahati mbaya ya peke yake. Inakadiriwa watu milioni 69 duniani wanaumia ubongo kila mwaka. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watu wa miaka 5 hadi 29. Hapa jirani, tafiti za KCMC, hospitali kubwa ya rufaa ya Moshi, zinaonyesha picha hiyohiyo: wengi wanaofikishwa na majeraha ya kichwa ni vijana wa kiume, na chanzo kikubwa ni barabara, pikipiki zikiwemo. Watoto wadogo nao wanaanguka. Upareni kuna miembe na miparachichi ya kupanda, mashamba yaliyoning'inia mlimani, na watoto wanaobebwa mgongoni na watoto wenzao.

Sasa, kupona kwenyewe. Dogo anatembea, anakula, kovu limefunikwa na nywele. Ukimuona utasema mzima. Ila ukimtuma chumvi anarudi na kiberiti. Muziki wa sauti ya juu unampasua kichwa. Hasira zinawaka kwa jambo dogo, halafu baada ya nusu saa analia akiomba msamaha. Shule ilimshinda. Mtaani kila mtu ana jibu lake: anavuta bangi, amerogwa, ni jeuri tu. Mama yao alikuwa ameshaanza kuulizia mganga.

Daktari aliwaelezea kwa lugha nyepesi: sehemu ya mbele ya ubongo ndiyo inayosaidia mtu kuvumilia, kupanga na kujizuia, na kwa kijana wa umri ule ilikuwa bado inakomaa. Ikiumia, tabia inabadilika. Anahitaji muda, utulivu, kazi ndogo ndogo, na watu wasiomcheka.

"Angevunjika mguu wangemletea matunda," dada alimwambia mteja mmoja siku hiyo, mkono haujaacha kusuka. "Kaumia ubongo, wanamwita chizi."

Watani wa Wapare husema Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Basi huo ubishi uhamie kwenye helmeti. Shirika la Afya Duniani limewahi kuonyesha kwamba kuivaa vizuri kunapunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Kuivaa vizuri maana yake iko kichwani na mkanda umefungwa. Ya kwenye kioo inalinda kioo.

Na dogo akianguka, iwe kwenye boda, mtini au uwanjani, akazima hata sekunde chache, apelekwe akaonwe na daktari siku hiyohiyo. Asirudi kucheza. Hata akiruhusiwa kurudi nyumbani, mtu mzima akae naye saa 24. Akitapika tena na tena, kichwa kikizidi kuuma, akichanganyikiwa, akilala usingizi usioamshika, akipata degedege, mboni moja ya jicho ikiwa kubwa kuliko nyingine, au damu na maji maji vikitoka puani au masikioni, hapo hakuna cha kusubiri asubuhi. Tafuta gari.

Simu ya kurekodi ndiyo hiyohiyo ya kuita gari. Dakika mbili za klipu zinatosha kumpigia mwenye Noah wa jirani, kumwambia mama, na kuuliza kituo cha afya kilicho karibu. Likes zitapatikana kwa jambo lingine.