Ubovu Una Chanzo Chake

Kitu kilichoharibika husema, lakini husema kwa lugha yake chenyewe. Mwenye pupa hujibu kabla ya kusikia. Mwenye busara husikiliza kwanza. Tulitazame jambo hili kwa mfano wa gari kuukuu.

Jirani yangu mmoja katika Nyamira ana pikapu ya petroli ya siku nyingi. Kwa gari hilo huchukua ndizi mpaka soko la Daraja Mbili, mjini Kisii, na kwa pato lake huwalipia watoto karo. Njia zetu ni za bonde na mlima, mlima na bonde. Muhula mmoja gari lilianza kutetemeka kila lilipopanda na mzigo, na nguvu zikapungua hata ikambidi apunguze mikungu. Fundi wa kwanza aliliendesha hatua chache akasema, "Giaboksi imekufa, nunua nyingine." Bei ilikuwa sawa na karo ya mwaka mzima. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake: fundi yule alikuwa muuzaji wa giaboksi.

Jirani akaenda kwa fundi wa pili, nami nilikuwapo. Huyu hakuanza na spana. Alianza na maswali.

"Hutetemeka unapoachia klachi kuondoka, mzee?"

"La, huondoka vizuri."

"Ukienda mbio katika tambarare je?"

"Hata kidogo."

"Mlimani, injini hulia sana huku gari likibaki nyuma?"

"La, fundi. Injini yenyewe hukwamakwama."

Kila jibu lilifunga mlango mmoja. Gari linalotetemeka wakati wa kuondoka hutuelekeza kwenye klachi au raba zinazoshikilia injini. Linalotetemeka kwa kadiri ya mwendo hutuelekeza kwenye propela au magurudumu. Injini ikilia na gari lisiongeze mwendo, klachi inateleza. Ni kweli kwamba katika kimo cha mita 2,000 hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu asilimia 18, na injini isiyosukumiwa hewa hupungukiwa nguvu. Lakini milima yetu haikuota muhula ule.

Ulibaki mlango wa moto wa plagi. Fundi alingoja giza, akafungua boneti, akaamuru mafuta yakanyagwe. Cheche ndogo za samawati ziliruka kutoka waya mmoja hadi kwenye chuma. Mpira wa waya ulikuwa umepasuka. Mzigo ulipozidi, umeme ulitoroka njiani badala ya kufika kwenye plagi, silinda moja ikanyamaza, na silinda 3 zikavuta kazi ya 4. Mtetemo wake ulifanana na ugonjwa wa giaboksi. Waya mpya zikatiwa, na gari likapanda mlima na mzigo wake wote.

Nami, niliye mwalimu, hulikumbuka jambo hili darasani. Mwanafunzi anayeshindwa kusoma huitwa mvivu upesi, kama giaboksi ilivyoitwa mfu. Kumbe huenda haoni ubao, au amekuja na njaa. Basi, msomaji, uwe daktari, hakimu au mkulima, usiupe ubovu jina kabla ya kuuliza: huanza lini, hukoma lini, na ni kipi kisichohusika? Maswali hayo hayana gharama. Jibu la pupa huweza kugharimu karo ya mtoto.