Farasi Warukao Viunzi

Ukisikia mbio za kuruka viunzi na maji, bila shaka unawakumbuka wanariadha wetu. Lakini mbio hizo zilianza na farasi. Ukibahatika kufika Liverpool, Uingereza, mwezi wa Aprili, nenda Aintree ukatazame Grand National. Farasi huzunguka uwanja mara mbili, karibu kilomita 7, wakiruka viunzi 30. Utasikia vishindo vya kwato kabla hujawaona.

Furaha hiyo ina gharama. Farasi aliyevunjika mguu mara nyingi huuawa ili asiteseke. Kwa usalama, mwaka 2024 idadi yao ilipunguzwa kutoka 40 hadi 34. Basi ukiandamana na watoto, msiulize mshindi tu. Hesabuni pia wangapi wamerudi salama.