Paa na Ukuta Wake

Nilizaliwa katika tembe, huko Ugogo, Mkoa wa Dodoma. Tembe ni nyumba ya udongo, na hata paa lake bapa ni la udongo. Mgeni aitazamapo hudhani kwamba kuta ndizo zilibebazo paa hilo. Sivyo. Paa hulala juu ya magogo, nayo magogo hulala juu ya nguzo zenye panda zilizochimbiwa ardhini. Kazi ya ukuta wa fito na udongo ni kuziba upepo na macho ya watu.

Mwaka 1973 TANU iliazimia kwamba ifikapo mwisho wa mwaka 1976 wananchi wote wa vijijini wawe wanaishi katika vijiji. Jamaa zetu wengi walihama. Mwaka 1975 baba alijenga nyumba mpya, hatua chache kutoka tembe ya babu. Hakuchimbia nguzo hata moja. Alichanganya udongo na majani makavu, akaukanyaga, akauinua ukuta mnene tabaka kwa tabaka, akingoja kila tabaka likauke. Juu ya ukuta akalaza mtambaapanya, juu yake makombamoyo, na juu kabisa mabati. Sisi watoto tulijivuna sana.

Babu alikuja akaizunguka nyumba, akauliza, "Mwanangu, paa hili umelifunga wapi?"

"Limepigiliwa misumari, Baba."

"Misumari imeshika mti. Je, mti umeshika nini?"

Baba hakujibu. Mtambaapanya ulikuwa umelazwa tu juu ya ukuta, ukashikizwa kwa tope.

Upepo utanguliao mvua ulifika usiku. Tulisikia mlio kama wa kitambaa kinachochanika, kisha tukaona nyota. Paa lote, mabati pamoja na miti yake, lilikuwa limeangukia shambani. Kabla ya mapambazuko mvua ikanyesha juu ya magunia yetu ya mtama. Mwaka ule tulikula kwa kuhesabu, na mama akauza mbuzi wawili.

Nilipokuwa mwalimu ndipo nilipofahamu vema swali la babu. Upepo upitao juu ya paa hulivuta, na ule uingiao mlangoni hulisukuma kutoka chini. Paa la tembe ni zito, upepo hauliwezi. Bati ni jepesi. Udongo nao ni hodari wa kubeba, bali ni dhaifu wa kuvutwa. Msumari uliopigiliwa katika udongo huchomoka kama jino bovu.

Babu hakumwambia baba arudie tembe. Alikata vipande vya mpingo, mti usioliwa upesi na mchwa. Katika kila pembe, na katikati ya kila ukuta, tukabomoa kwenda chini mikono miwili, yapata meta moja. Pale chini tukalaza kipande cha mpingo kufuata urefu wa ukuta, tukakizungushia waya nene maradufu, tukaziacha ncha zake zitokeze juu. Tukalowesha udongo wa zamani ili upokee mpya, tukajenga tena. Ukuta ulipokauka, baba akazifunga ncha zile juu ya mtambaapanya na kuzisokota kwa kijiti hadi zikakaza. Makombamoyo nayo yakafungwa kwa waya kwenye mtambaapanya. Miezi michache baadaye tulizikaza tena, kwa kuwa miti ikikauka husinyaa.

Nimewapa wanafunzi wangu hesabu hiyo mara nyingi. Meta moja ya ujazo ya udongo mkavu ina uzito wa kilo 1,600 hivi. Ukuta wa unene wa sentimeta 40, uliokalia meta moja ya mti uliozikwa kina cha meta moja, huukandamiza kwa kilo zipatazo 640. Hapo upepo ukitaka paa, sharti uinue na ukuta.

Watu wamezoea kusema kwamba babu alikuwa mtu wa kale na baba mtu wa kisasa. Mimi niliwaona wote wawili juu ya ukuta mmoja, mikono yao imejaa tope. Kosa la baba halikuwa kuiacha tembe. Aliiacha nguzo bila kuuliza ilikuwa ikifanya kazi gani, na kazi ile ikabaki bila mtendaji. Tunapobadili jambo tulilorithi, nasi tuulize kama babu: limefungwa wapi?