Nyumba Isiwe Mahame: Ziara ya Butiama



Atokaye Musoma kwenda Butiama hushika barabara ya Mwanza mpaka Makutano, kisha huiacha njia kuu akaingia nchi ya vilima na majabali makubwa, yaliyokaa moja juu ya jingine kana kwamba yamepangwa kwa mikono. Njia hiyo niliipita pamoja na vijana wetu wa chuo cha Kurani, ili wapate kuyaona makazi ya Mwalimu Julius Nyerere, aliyezaliwa huko mwaka 1922 na kuzikwa huko mwezi wa Oktoba 1999.

Mahali penyewe paitwa Mwitongo. Mwenyeji wetu alitueleza kuwa maana ya jina hilo ni mahame, yaani mahali palipokaliwa na watu zamani, kisha pakaachwa. Nalilishika neno hilo moyoni, wala halikunitoka siku ile nzima.

Ziko hapo nyumba mbili za Mwalimu: moja ya zamani, aliyojengewa na chama cha TANU katika miaka ya 1970, na nyingine kubwa zaidi aliyojengewa na Jeshi, iliyokamilika mwaka 1999; hii ya pili hakujaliwa kukaa sana ndani yake. Pana na makumbusho pia, yaliyofunguliwa mwaka huohuo. Mwalimu hakuwa wa dini yetu, lakini jambo jema hufundisha popote lilipo. Tulitazama vitu vya mtu aliyeiongoza nchi tangu uhuru wa 1961 mpaka 1985, na vijana wakastaajabu kwa jinsi vilivyo vya kawaida. Mmoja akaniuliza kwa sauti ya chini, "Maalim, makochi ya dhahabu yako wapi?"

Lakini kilichonigusa mimi zaidi ni habari ya vitabu vyake, navyo ni vingi sana. Huyu ndiye aliyefasiri Juliasi Kaizari, na Mabepari wa Venisi, 1969. Basi kwake yeye kusoma kulikuwa na mahali pake nyumbani. Hakukungojea nafasi itakayobakizwa na vitu vingine. Hapo nikajiona mwenye kosa.

Kwangu, sebuleni, palikuwa na pembe ya mama yangu. Huku Mara kibla iko upande wa kaskazini, ikiinama kidogo kuelekea mashariki. Kwa hiyo mwenye kusali pale hulipata dirisha la mashariki mkono wake wa kulia. Kila siku baada ya sala ya alfajiri mama alikaa juu ya mkeka wake, jua likachomoza na kuuangazia Msahafu, na wajukuu wakamzunguka kusoma. Pambo la pembe ile lilikuwa mwanga tu.

Kisha nikanunua makochi na kabati kubwa la televisheni. Kabati halikupata mahali ila katika pembe ile, na dirisha nikalifunika kwa pazia zito ili jua lisipaushe vitambaa. Wageni wakakisifu chumba. Mama hakusema neno. Aliukunja mkeka wake akaenda kusali chumbani kwake, ambamo nafasi yamtosha yeye peke yake. Wajukuu hawakumfuata, kwa kuwa hapakuwa na pa kukaa. Miezi michache baadaye nikamsikiliza mdogo wao, nikaona amekwisha kuzisahau sura alizokuwa amezihifadhi.

Katika Hadithi iliyomo katika Sahihi ya Muslim, nyumba anamotajwa Mwenyezi Mungu na nyumba asimotajwa zimefananishwa na aliye hai na maiti. Nikiwa nimesimama Mwitongo, nilifahamu kwamba mahame si lazima yawe magofu yaliyoota nyasi. Nyumba yaweza kuwa na watu wanane na taa za umeme, nayo ikawa mahame.

Tuliporudi sikulala kabla ya kulihamisha lile kabati. Na haya ndiyo niliyojifunza, nayo hayahitaji fedha nyingi.

Kwanza, kabla ya kununua kitu, kaa sakafuni katika chumba kitupu asubuhi na jioni, utazame mwanga na upepo vyaingia wapi. Usivizibe. Pazia jepesi latosha kuleta stara, na ukuta wa rangi nyeupe huueneza mwanga hata penye dirisha dogo. Penye paa la bati lisilo na dari, acha matundu chini ya paa ili joto la mchana lipate kutoka.

Pili, tenga mahali pa sala na kusoma, hata pakiwa upana wa mkeka mmoja. Msahafu uwekwe juu, lakini mkono wa mtoto mkubwa uufikie, usije ukawa pambo la kufutwa vumbi. Taa ya kusomea iwe karibu na msomaji. Upande wa kibla usitundike picha, twajua jinsi Mtume (s.a.w.) alivyolichukia pazia la Bibi Aisha lenye picha, nalo likakatwa likafanywa mito. Tazameni: kitambaa hakikutupwa, bali kilipewa kazi njema.

Tatu, viatu vibaki mlangoni, na jioni fukizeni ubani kidogo. Harufu njema humwambia mtoto kwamba wakati wa utulivu umefika, kabla hajaambiwa na mzazi. Sura an-Nahl, aya ya 80, yatukumbusha kuwa nyumba zetu ni neema aliyotupa Mwenyezi Mungu tupate kutulia ndani yake.

Nanyi vijana mnaojiandaa kuoa na kuolewa, msiulize kwanza chumba kitaonekanaje kwa wageni. Ulizeni ni nani atakayekaa humo, na atafanya nini.

Mama yangu hakuitwa. Siku ya tatu, baada ya alfajiri, nilimkuta katika pembe yake, mkeka umetandikwa, na yule mdogo ameketi mbele yake akianza tena kwa Alhamdu.

Wabillahi tawfiq.