Mkutanoni Brussels: Mzazi asirudi na chokoleti tu

Mfanyakazi anayepelekwa mkutanoni Brussels, Ubelgiji, huijua safari yake kabla hajapanda ndege: hotelini, ukumbini, hotelini tena, kisha uwanja wa ndege. Siku ya mwisho hununua chokoleti. Mtoto akimuuliza mji ule ukoje, jibu huwa moja: kuna baridi.

Brussels ina jambo linalomrahisishia mjumbe mambo. Ukumbi mkubwa wa mikutano wa Square uko Mont des Arts, yaani Kilima cha Sanaa, karibu na stesheni kuu ya treni. Makumbusho ya ala za muziki na yale ya sanaa yako juu ya kilima hicho hicho, mwendo wa dakika chache kwa miguu. Hahitaji teksi wala mtu wa kumtembeza.

Shida ni muda. Makumbusho hayo hufungwa saa 11 jioni, wakati ambao vikao navyo vinamalizika, na Jumatatu huwa hayafunguliwi. Anayesubiri jioni hataona kitu. Ni afadhali atumie mapumziko marefu ya mchana, au asubuhi ya siku ya kuondoka. Jumatano ya kwanza ya mwezi, kuanzia saa 7 mchana, kiingilio huwa bure, ila ni vyema kuthibitisha kwenye tovuti zao kabla ya kutoka.

Masikio kwanza

Makumbusho ya ala za muziki, maarufu kama MIM, yako katika jengo la chuma na vioo liitwalo Old England, lililojengwa mwaka 1899 kuwa duka. Mgeni hupewa kifaa cha kusikilizia. Akisimama mbele ya ala, anasikia namna inavyolia. Kwa mtu aliyeshinda kutwa akisikiliza hotuba na kutazama slaidi, hiyo ni nafuu kubwa.

Ala zilizowekwa wazi zinazidi 1,000, na asijaribu kuzimaliza. Saa moja inatosha kwa ghorofa moja au mbili.

Asimpite Adolphe Sax, Mbelgiji aliyezaliwa mjini Dinant mwaka 1814, aliyebuni saksafoni na kuipatia hataza Paris mwaka 1846. Wanaosimulia maisha yake husema utotoni alianguka kutoka juu, akameza pini, akaungua moto, hata majirani wakakata tamaa kwamba atakua. Mzazi mwenye mtoto mtundu ameshapata hadithi ya kumpelekea.

Saksafoni hiyo ndiyo inayolia katika rumba ya Kongo, na Brussels ina sehemu yake katika muziki huo. Mwanzoni mwa mwaka 1960 viongozi wa Kongo walikutana hapo na Wabelgiji katika Mkutano wa Meza ya Mviringo kuhusu uhuru wa nchi yao. Joseph Kabasele na wanamuziki wenzake walisafiri kwenda kuwaburudisha wajumbe, na hapo ukazaliwa wimbo Indépendance Cha Cha. Mkutano ulikwisha, wimbo ukaenea Afrika.

Nyuso nne za mtu mmoja

Hatua chache kutoka MIM yapo Makumbusho ya Kifalme ya Sanaa. Mwenye nusu saa tu atafute picha mbili.

Ya kwanza ni ya Jacques-Louis David, ya mwaka 1793. Inamwonyesha Marat, mwanamapinduzi wa Ufaransa, akiwa ameuawa ndani ya beseni la kuogea. Marat alikuwa daktari. Alifanya kazi zake majini kwa sababu ya ugonjwa wa ngozi uliomtesa, na humo ndimo muuaji alimkuta.

Ya pili ilichorwa na Rubens mwanzoni mwa karne ya 17. Ni mwanamume mmoja mweusi aliyechorwa kichwa mara nne: anatazama pembeni, anainamisha uso, anatabasamu. Jina lake halikuandikwa. Miaka ya 1950 Wabelgiji waliiweka picha hiyo kwenye noti ya faranga 500. Upande wa pili wa noti hiyo alikuwepo Mfalme Leopold II, aliyeitawala Kongo kama shamba lake binafsi.

Tramu ya kwenda Tervuren

Aliyebakiwa na nusu siku apande metro hadi Montgomery, kisha tramu namba 44, inayopita msituni hadi Tervuren. Huko kuna Makumbusho ya Afrika, yaliyofunguliwa upya Desemba 2018 baada ya miaka mitano ya ukarabati. Upo ukumbi wa lugha na muziki. Humo Mtanzania atakutana na likembe za Kongo, ndugu wa ilimba ya Wagogo.

Lakini Tervuren si mahali pa kufurahia tu. Mwaka 1897 Leopold alileta Wakongo 267 kwa ajili ya maonyesho. Waliwekwa katika vijiji vya kuigiza bustanini ili watu wawatazame. Hali ya hewa ilikuwa ya baridi na mvua. Saba waliugua na kufa. Makaburi yao yako kando ya kanisa la Tervuren, na mgeni anaweza kuyafikia kwa miguu.

Cha kumpelekea mtoto

Mzazi akishaona hayo atatamani kusimulia yote, na mtoto atachoka kabla hajafika katikati. Achague kitu kimoja kulingana na umri. Mdogo atafurahia Sax aliyemeza pini. Wa shule ya msingi anaweza kuonyeshwa picha ya Rubens kwenye simu, aulizwe anadhani mtu yule alikuwa nani. Kijana wa sekondari aambiwe habari za Tervuren bila kufichwa, kwa kuwa anasoma ukoloni darasani na maswali tayari anayo.

Kabla ya safari, mzazi amuulize mtoto angependa aletewe habari ya nini. Avae viatu vya kutembelea, kwa kuwa kilima kina ngazi nyingi, na miguu iliyokaa kitini siku tatu itazihitaji. Chokoleti nayo anunue, ila ile ndogo.