Disketi Iliyotuonyesha Rangi

Mwaka 1997, mkoa wetu uliporudishiwa jina la Katanga baada ya miaka mingi ya kuitwa Shaba, nilikuwa kijana wa karakana ya uchapaji mtaani Kamalondo, Lubumbashi. Tulichapa kadi za harusi, matangazo ya matanga na vitabu vya risiti. Kompyuta yetu ilitoka Johannesburg, ikakatisha Zambia, ikavuka mpaka Kasumbalesa ikiwa imeshatumika na watu wengine. Ilifika na skrini yake na kibodi. Disketi zake zilibaki huko ilikotoka.

Kukosa disketi ndiko kulikotutesa. Mashine ilikuwa na Windows 3.1, na Windows hiyo isipopata draiva, yaani programu ya kuiendesha kadi ya skrini, hubaki kwenye kiwango ambacho karibu kila kadi inakifahamu, yaani VGA, kilicholetwa na IBM mwaka 1987. Hapo skrini inakuwa na nukta 640 kwa 480, na kila nukta imetengewa biti 4. Biti 4 zinatoa rangi 16, basi. Kwa barua na risiti zilitosha kabisa. Kwa picha, hapana.

Siku moja mteja alituletea picha ya mchoro wa Pilipili Mulongoy, iliyokwisha kuingizwa kwenye disketi, akitaka tumtengenezee kadi. Pilipili hakuwa mgeni kwa mtu wa Lubumbashi. Alikuwa miongoni mwa wachoraji waliokuzwa na Pierre Romain-Desfossés katika shule ya sanaa ya Hangar, iliyoanzishwa mwaka 1946, na ndege na samaki wake walijulikana. Tulipoifungua ile picha, majani yaliyopakwa kwa kijani cha kila namna yalibaki na kijani cha aina mbili tatu. Pale ambapo rangi ilikosekana, nukta za kijani na za njano zilichanganywa, na bawa zima likawa kama limemwagiwa mchanga. Mteja alitazama kwa muda, kisha akasema, "Huyu ndege iko mugonjwa."

Rangi zote zilikuwemo ndani ya faili. Sisi ndio tuliokuwa hatuzioni, na rangi usiyoiona huwezi kuirekebisha.

Aliyetutoa gizani ni fundi mmoja mtu mzima ambaye sote tulimwita Yaya, yaani kaka mkubwa. Hakugusa kibodi. "Mutoto, tufungue kwanza, tusome jina yake." Tukafungua kifuniko, akapangusa vumbi kwenye kadi kwa pindo la shati, na juu ya chipu yakatokea maneno Cirrus Logic. Pembeni yake palikuwa na chipu za kumbukumbu, jumla megabaiti 1. Akachukua penseli, akapiga hesabu nyuma ya risiti. Nukta 640 mara 480 ni 307,200. Ukiipa kila nukta baiti 1, unapata rangi 256. Ukiipa baiti 2, unapata rangi 65,536, na kumbukumbu inayotumika ni baiti 614,400. Kadi ilikuwa na zaidi ya milioni moja. Akaweka penseli chini. "Rangi ziko. Hakuna tu wa kuziita."

Jina la chipu likaandikwa kwenye karatasi, karatasi akapewa mama mmoja mfanyabiashara aliyekuwa akisafiri kwenda kununua bidhaa kusini. Alirudi na disketi moja, ameifunga kwa nailoni katikati ya nguo. Kabla ya kuiingiza, Yaya alinakili kwanza faili ya mipangilio, SYSTEM.INI, kwa sababu draiva isiyolingana ingetuachia skrini nyeusi, na ingebidi turudi DOS kuirudisha VGA. Kisha akachagua rangi 256. Tulipoona zimekubali, akapanda hadi 65,536. Picha ilijichora polepole kuliko zamani, kwa kuwa baiti za kusukuma zilikuwa nyingi zaidi, lakini bawa lilikuwa bawa, na kijani kilipita taratibu kutoka giza hadi mwanga jinsi mchoraji alivyokusudia. Mteja alipata kadi zake.

Yaya hakuifungia disketi ile. Aliinakili, akaandika jina la chipu juu yake, akaitia kwenye boksi la viatu. Baadaye disketi za chipu za Trident zikaingia humo, na za S3. Mafundi wa mitaa mingine ya Lubumbashi, Katuba, Kenya na Ruashi, walikuja na disketi tupu, wakaondoka nazo zimejaa, wala hakumdai mtu.

Leo draiva nyingi zinapatikana kwenye intaneti, lakini vifaa bado vinatufikia bila maarifa yake, na bado nasikia vijana wakiambiwa kifaa fulani hakifai, kitupwe. Kwa niliyoyaona Kamalondo, siikubali hukumu hiyo upesi. Anayetuuzia mashine anapaswa kutuletea na kinachoifungua. Asipofanya hivyo, kazi inatubakia sisi: kusoma jina la chipu kabla ya kusema haiwezi, kutafuta draiva yake hata kama iko mbali, na ikipatikana, kumnakilia na jirani.