Sanduku la Mwembetanga

Nilizaliwa Ng'ambo, Mwembetanga, mtoto wa fundi mwashi Mlutheri aliyevuka bahari kutoka Usambara kufuata kazi. Baba alitupiga marufuku mambo matatu: kuogelea bandarini, kula kwa watu bila ruhusa, na kwenda kwenye kidumbaki. La pili hakuna mtoto wa Ng'ambo aliyeweza kulitii. La tatu nililivunja nikiwa na miaka kumi na moja.

Kwa msomaji wa bara niseme kidogo. Taarab ya vikundi vikubwa, kama Ikhwani Safaa ya tangu 1905 au Culture ya tangu 1958, watu huisikiliza vitini kwa adabu, wamevaa wakavalika. Kidumbaki ni ndugu yake maskini. Fidla moja, vidumbaki viwili vya mpigaji mmoja, mkwasa, cherewa, na sanduku: sanduku tupu la chai lililopinduliwa, lenye mti na kamba moja ya kuvuta. Wapigaji hukaa uani goti kwa goti na watu, wimbo unashikana na wimbo, mwendo unazidi mbio, na kina mama wa arusini wanacheza mpaka kuche.

Nilitazama kupitia tundu la ua wa makuti. Mpiga sanduku nilimjua, kwani Jumapili alikaa benchi la nyuma kanisani kwetu, na koti lake la kahawia. Akaliona jicho langu. Akasogea, akavuta sanduku lake pembeni ili nipate kuona. Jumapili iliyofuata alinisalimu tu, "Hujambo mwanangu." Kwa baba hakusema neno.

Miaka kumi na tano baadaye nilirudi kutoka Makumira nikiwa mchungaji, na mwezi wangu wa tatu baraza la wazee likaletewa shauri lake. Ilisemwa kwamba anapiga ngoma usiku, wanawake wanakata viuno mbele yake, na anawakwaza vijana. Mwenyekiti akaniuliza, "Mchungaji, unasemaje?" Nikajibu, "Baraza limeshaona." Nikatia sahihi. Akatengwa na Meza ya Bwana. Alikuwa ameketi, kofia mapajani, akanitazama mara moja, kisha akatazama sakafu. Angeweza kuwaambia wazee habari za tundu la ua. Hakuwaambia.

Aliendelea kuja kanisani. Sakramenti ikianza, alitoka taratibu. Mwaka mmoja nilihubiri 2 Samweli 6, Daudi akicheza mbele ya Sanduku na Mikali akimdharau kutoka dirishani. Nilimlaumu sana Mikali siku ile, naye yuko benchi la nyuma ananisikiliza.

Mwaka juzi alipougua nilikwenda kumwona. Nilikuta majirani chumbani, wazee wawili wenye kofia za kiua na bibi mmoja, wote wapenzi wa kidumbaki tangu ujana, wanabishana usiku upi aliupiga vizuri zaidi. Mmoja alisema ni arusi ya Kikwajuni, kamba ilipokatika akafungua kamba ya kuanikia nguo akaendelea. "Wallahi, Padri, ilipendeza kuliko ile ya kwanza!" Wa pili akakataa: ni wakati wa giza. Wengi tunaikumbuka ile miezi, Desemba 2009 hadi Machi 2010, umeme wa kutoka bara ulipokatika Unguja nzima. Vinanda na spika vikanyamaza, labda kwa mwenye jenereta. Arusi hazikungoja. "Tulikuwa hatuonani nyuso," alisema. "Ukilisikia sanduku lake kifuani, ndio unajua umefika."

Bibi alikuwa kimya, kisha akasema binti yake aliolewa giza lile lile, na yeye hakuwa na hata shilingi ya wapigaji. "Huyu bwana alipiga mpaka alfajiri. Akaomba sahani ya wali apelekee wajukuu."

Miezi hiyo mimi nilihubiri kwa jenereta ya usharika. Yeye alikuwa bado ametengwa.

Walipoondoka nikamwambia, "Mzee, yule mtoto wa kwenye ua..." Akacheka mpaka akakohoa. "Nilidhani umesahau, Baba Mchungaji. Tena usiku ule tulipiga ovyo, mpiga fidla alikuwa na homa."

Nikamwomba msamaha. Hakujibu upesi. Alinieleza kwamba mke wake alishiriki peke yake miaka yote ile, akipita mbele ya watu bila mumewe, na alikufa akiwa na aibu hiyo. Hilo sikuwa na jibu lake, na mpaka leo sinalo.

Shauri nililirudisha barazani mwenyewe, nikaanzia kwenye tundu la ua. Mzee mmoja alikasirika, akaondoka. Waliobaki wakakubali arudishwe kundini.

Nilipompelekea Chakula cha Bwana, chumbani hamkuwa na meza. Nikauliza niweke wapi vyombo. Akaonyesha sanduku, lililopinduliwa karibu na kitanda. Nikatandika kitambaa cheupe. Upande mmoja ulikuwa umebonyea, kikombe kikainama, basi nikaweka mkate tu, kikombe nikakishika mkononi.